Mkoba wa Watu Haurudi Mtupu

Tangu nirudi simu yangu haipoi. Huyu anauliza mkoba niliuuza kwa nani, yule kasikia nilikamatwa na polisi, mwingine kaambiwa nimezawadiwa viatu vya duka zima. Jamani! Nikimsimulia kila mtu peke yake nitakauka mate. Basi naandika mara moja, someni nyote, na Jumapili mkija kwangu tule wali, msinihoji.

Kwa wale mtakaosomewa na hamjawahi kufika kwangu: naishi Rågsved, pembeni ya Stockholm huku Sweden, na mama yangu, Bi Mwajuma, na binti yangu Salma anayesoma chuo. Kazi yangu iko Södertälje, kiwandani, kufunga dawa. Mama tulimleta kutoka Tanga alipobaki peke yake, akaja na sanduku moja na bao lake la mti na komwe zake, na mpaka leo anamfunga Salma kwenye bao bila huruma. Lakini amezeeka, na kumbukumbu inamkimbia. Kuna asubuhi anaamka ananiita Zaina, jina langu, ananitania kwamba nimenenepa. Kuna asubuhi anauliza mimi nani na nyumba hii ya nani.

Jambo moja tu halijamtoka. Alipokuwa mdogo, wakati wa vita vikuu vya pili, wafungwa wa Kitaliano waliletwa kutengeneza barabara karibu na shamba la mkonge alilofanya kazi babu yangu. Mmoja wao, Ettore, alikuwa fundi wa ngozi. Bibi yangu, Mwanaidi, alikuwa msusi. Bibi akasuka mikoba miwili kwa nyuzi za mkonge, Ettore akaitia mikono ya ngozi ya mbuzi. Siku ya kurudi kwao akaondoka na mmoja. Wa pili ulibaki kwa bibi, ukaja kwa mama, ukaja Sweden ndani ya lile sanduku, umejazwa soksi.

Kumbe Ettore alikuwa mtoto wa watu! Baba yake alikuwa na karakana Firenze, Italia. Nyumba yao, ya Tolomanti, ilianza kwa kushona matandiko ya farasi. Magari yalipokuja wakahamia masanduku ya wasafiri. Vita vilipokwisha ngozi ikawa haipatikani, karakana ikabakia kidogo ife, na mkoba wa mkonge alioufanya Ettore kwa kuufuata ule ndio uliowanyanyua. Waigizaji wa sinema waliubeba, matajiri wakaugombania. Leo Tolomanti wana duka katikati ya Stockholm, lenye mlinzi wa suti mlangoni. Mie nikipita pale huwa natazama mbele.

Mwaka huu wameutoa upya mkoba ule. Salma akatuonyesha picha kwenye simu, na chini yake maneno: Ettore aliubuni ususi huu mwenyewe, katika upweke wa kifungo. Nikamfasiria mama. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Upweke gani? Huo ukili wa mama yangu! Mtaliano huyo alikuwa akikaa barazani kwetu anafundishwa, vidole vinamgomea, sisi watoto tunamcheka." Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Zaina, nenda ukawaambie. Mama yangu ana jina."

Nikawaandikia. Akanijibu dada mmoja, Lucia, mtunza kumbukumbu wa nyumba ile. Alisema wanaandaa maonyesho ya historia yao, maneno ya ukutani yanapelekwa kuchapwa Ijumaa mchana, na kama kweli ninao mkoba, niupeleke uonekane kwa macho. Ndege sipandi, daktari wa masikio kanikataza tangu upasuaji. Ikawa treni. Na niwaambie ukweli, sikuwaogopa Wataliano. Nilichoogopa ni kurudi na jibu, nikamkuta mama hajui tena aliuliza nini.

Rågsved hadi Copenhagen

Asubuhi ya safari nilimkuta mama kaupakata mkoba kitandani. Kautoa soksi zote, kaufunga kwa utepe.

"Usiufungue njiani," akaniambia. "Unarudi kwa watu wake."

Nikasema ndiyo mama, kama ninavyosema ndiyo kwa mambo mengi siku hizi. Salma akapiga kelele mlangoni, "Mamma, du missar tåget!" Mtoto huyu ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, ukimsemesha Kiswidi anacheka matamshi yako. Lakini treni nilikuwa naikosa kweli, basi nikambusu mama kichwani na kukimbia na mkoba kifuani.

Tumepita Norrköping, treni ikasimama katikati ya misonobari. Ikatangazwa kwamba ishara za reli zimeharibika. Loo! Ningekuwa kwetu, muda ule watu wangeshajuana majina, wameshaulizana dini na bei ya vitunguu. Hapa kila mtu katulia na kahawa yake utadhani tuko matangani. Mie nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama. Copenhagen nilikuwa na treni ya kuunganisha, na siku yangu ya akiba ilikuwa moja tu.

Bibi mmoja wa Kiswidi aliyekaa mbele yangu akanionea huruma, akanikatia nusu ya andazi lake la mdalasini. Tukaanza kuzungumza. Akautazama mkoba, akatabasamu.

"Tolomanti," akasema. "Kopi nzuri sana hiyo. Umeinunua Uturuki?"

Nikaliweka andazi chini. Nikamwambia kopi ni ile iliyoko dukani. Akatabasamu tena, kwa adabu yao ile ya kutokuamini, akageukia dirisha. Na neno lake likaniingia. Kama bibi wa watu ndani ya treni anaona kopi, je, wenyewe wataona nini? Mpaka hapo nilikuwa sijafikiria kwamba wanaweza wasinisadiki.

Treni ilipofika Copenhagen, ile ya Hamburg ilikuwa imeshaondoka. Nikalala nyumba ya wageni karibu na stesheni, mkoba chini ya mto. Kabla ya kulala nilipiga simu nyumbani. Salma akampa mama.

"Umefika kwa Etore?" akauliza mama, ndivyo anavyomtaja Ettore.

"Bado mama, niko njiani."

"Msalimie. Mwambie nimekua."

Nikafurahi, wallahi. Nikajiambia kumbukumbu ipo, ni kuwahi tu.

Copenhagen hadi Hamburg

Asubuhi nikapata kiti karibu na dada mmoja mwenye sauti, anazungumza na simu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa. Nikamwacha amalize, nikamwambia shikamoo haikuhusu, lakini habari za asubuhi. Akapiga yowe la furaha mpaka watu wakageuka. Jina lake lenyewe Furaha, mzaliwa wa Bukavu, anaishi Hamburg, kazi yake kusuka nywele.

Akanikaribisha chakula. Kilikuwa kimefungwa kwa jani, kikapigwa kamba, cheupe, kinanata, na harufu yake jamani! Nikajua mhogo umemharibikia na hajui. Nikaogopa kumwaibisha, nikasema nimeshiba. Akanitolea macho.

"Mama, unakataa chikwangue?"

"Dada yangu, samahani, nadhani kimechacha."

"Lakini kinachachaka! Ni vile iko!" Akacheka hadi machozi. Nikala kidogo kwa heshima, nikala tena kwa njaa, na nikakimaliza huku nikimsimulia habari ya mkoba. Wa kwetu Tanga mkinicheka mtajua wenyewe.

Tulipoingia Ujerumani, treni ikasimama, polisi wakapanda. Walikuwa na adabu, mbwa wao pia. Wakapita kwenye viti, vitambulisho, asante, vitambulisho, asante, mpaka kwangu. Mbwa akaunusa mkoba wa mama, akakaa chini. Wenye kujua wanasema mbwa akikaa ndiyo hivyo tena, kanusa kitu.

"Fungua, tafadhali," akasema polisi kwa Kiingereza.

Nikafungua utepe. Ndani, mahali nilipodhani hamna kitu, palikuwa na kifurushi cha kitambaa kilichopigwa fundo.

"Hiki nini?"

Nikajibu jibu baya kuliko yote duniani: "Sijui."

Akanitazama. Mwenzake naye akasogea. Unabeba mkoba mpaka mpakani, unaulizwa kilichomo, unasema hujui! Akajaribu kulifungua lile fundo, likamgomea. Akavuta, likazidi kukaza. Akatoa kisu.

"Usikate!" nikapiga kelele. Hata sikujua kwa nini nimepiga kelele.

Furaha akanyoosha mkono. "Leta huku. Mie kazi yangu ni vidole." Akaligeuzageuza fundo, akalichungulia. "Ah! Hii imefungwa na mukono ya kushoto." Ndipo nikakumbuka. Mama anafunga mafundo yote kinyume, pindo la kanga, mfuko wa sukari, kamba za viatu vyetu tukiwa wadogo, maana ndivyo alivyofunzwa na mama yake. Tulikuwa tunafika shule tunashindwa kuvua viatu. Furaha akasukuma uzi mmoja huku, mwingine kule, fundo likalegea.

Zikamwagika komwe. Zile mbegu za kijivu, ngumu, za kuchezea bao. Na kitambaa chenyewe kilikuwa pindo la kanga yangu mpya, ile sijaivaa hata mara moja, kalikata kwa mkasi!

Nilipandwa na hasira. Mama huyu! Nimevuka nchi na mbegu za bao, mbwa kaninusa, treni nzima imesimama kwa ajili yangu, watu wananitazama utadhani nimeiba. Polisi wakazichukua komwe, wakazinusa, wakashuka nazo, wakaitana huko nje. Tukangoja. Nilikuwa nawaza Ijumaa tu. Waliporudi mmoja akasema mbwa huenda alivutiwa na chakula, akanielekeza kidole kwenye jani la chikwangue, lakini hizi mbegu je, ni za nini?

"Si za kitu! Zitupeni!" nikamwambia. "Tupa huko!"

"Hapana!" Furaha akamnyang'anya, nakwambia, alimnyang'anya polisi wa Kijerumani. "Mama, nani aliziweka?"

"Mama yangu. Amezeeka, hajui afanyalo."

"Anajua. Mukoba si unarudi kwa mwenyewe? Hata kwetu ku Bukavu, kikapo ya mutu haiwezi rudi bule. Ukikosa unga, unaweka hata kitu kidogo. Hamufanyake vile?"

Tunafanya sana. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Sahani ya jirani ya futari sijawahi kuirudisha bila kitu, hata hapa Rågsved, hata kwa yule jirani wa Kiswidi ambaye nilimrudishia bakuli na sambusa akadhani ninamuuzia. Mama kashasahau jina langu mara ngapi, lakini hilo hakulisahau, na mie mwenye akili timamu nilikuwa nataka kuzitupa. Niliona haya. Furaha akaingia chini ya viti kuokota zilizoviringika, akazifunga upya, kwa mkono wa kushoto, vile vile zilivyokuwa. Hamburg tuliagana kwa kukumbatiana mara tatu za Kikongo.

Kuvuka milima

Munich nilifika salama, nikalala, nikaamka mapema. Ilikuwa Alhamisi. Treni ya kwenda Italia ikapanda, milima ikaanza kusimama pande zote mbili, theluji juu, na mie najisemea sasa Inshallah. Kumbe nimesema mapema. Kijiji kimoja kabla ya mpaka tukashushwa sote. Udongo umeporomoka relini, tutapelekwa kwa basi, basi linakuja.

Basi lilichelewa mpaka njaa ikatuuma. Kwenye mkahawa wa stesheni wakanipa madonge ya mkate yanaelea kwenye supu, nikauliza kama yana nguruwe, mama muuzaji akaitikia kwa kichwa kwa furaha, nikayarudisha. Akasikitika. Akaniletea ya jibini, hakutaka nilipe.

Hapo ndipo nikampigia Salma. Sauti yake tu ikanishtua.

"Mormor är inte bra idag," akasema, bibi hayuko sawa leo. Halafu akageuza Kiswahili mwenyewe, na mtoto huyo akigeuza Kiswahili mwenyewe ujue mambo magumu. "Mama, leo hanijui. Amenifukuza chumbani."

"Mpe simu."

Nikasikia pumzi yake. "Mama, ni mimi Zaina. Kesho nafika kwa Etore."

"Nani?"

"Kwa Etore, mama. Na mkoba."

"Wewe nani?" akauliza mama yangu. "Simjui mtu huyo."

Nikakaa kwenye begi langu pale nje ya stesheni, nikalia bila kujificha. Nilijiona mjinga. Nakimbizana na ukuta wa watu matajiri, na mama anazama nyumbani, pengine siku niliyopaswa kukaa naye ndiyo hii. Nilitaka kurudi. Ndipo basi lilipotokea, na nikapanda, si kwa ushujaa, ila kwa kuwa kila mtu alipanda. Ndani ya basi, kisha ndani ya treni, nikakaa nimeshika lile fundo kupitia kwenye mkonge mpaka Bologna.

Firenze

Msiniulize uzuri wa Firenze, sikuuona. Nililala hoteli ya nyuma ya stesheni, asubuhi nikanywa kahawa wima kama wafanyavyo wao, na nikaenda moja kwa moja. Makumbusho ya Tolomanti yako kwenye jumba la zamani lenye mlango mzito. Lucia akanipokea mwenyewe, mwembamba, miwani inaning'inia shingoni, mkono baridi. Akanipitisha haraka kwenye vyumba: matandiko ya farasi, masanduku, picha za waigizaji. Akanisimulia jinsi warithi walivyogombana wakapelekana mahakamani, na nyumba ikauzwa kwa wenye mitaji ambao hawajawahi kushika sindano. "Sasa wanataka historia," akasema. "Ndiyo kazi yangu."

Chumba cha mwisho kilikuwa na meza ndefu, na bwana mmoja wa suti ya kijivu. Kazi yake, akasema Lucia kwa sauti ya chini, ni kulinda nembo. Bwana yule akavaa glavu, akauchukua mkoba wa mama, akaitazama mikono yake kwa kioo cha kukuzia.

"Mshono huu si wetu," akasema kwa Kiingereza. "Hauna muhuri. Mama, huu si Tolomanti."

"Bila shaka si Tolomanti. Ni wa Mwanaidi."

"Ni wa kuiga. Tunaona mingi. Na kwa utaratibu wetu, bidhaa ya kuiga ikiingia ofisini haitoki." Akautia kwenye mfuko wa plastiki mbele ya macho yangu!

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua nilikuwa nimeshaushika upande mmoja wa ule mfuko, yeye kashika mwingine.

"Mkoba ukibaki, na mie nabaki," nikamwambia. "Uite polisi, nimeshawazoea."

Lucia akawa mwekundu, anasema na mimi, anasema na yeye. Tukiwa katika kuvutana mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mzee na fimbo, kavaa koti la zamani lililopigwa pasi vizuri. Lucia akaniambia huyu ni Signora Fiamma, binti wa Ettore. Familia iliuza yote, alichobaki nacho yeye ni mkoba wa baba yake, na leo kauleta kuuazima kwa maonyesho. Akauweka mezani.

Ulikuwa wa kwetu. Ukili ule ule, mdomo ule ule, mikono ile ile ya ngozi ya mbuzi, na haukuwa na muhuri wowote. Bwana wa nembo akasema sawa, lakini huo ni wa asili, na wangu ni uliofanywa kwa kuutazama huo. Nani athibitishe vinginevyo? Nimetoka mbali hivyo, na nilicho nacho ni maneno tu ya mama ambaye jana hakunijua.

Lucia, nadhani kwa kutaka kutuliza, akatoa kijisanduku cha kioo. "Hiki kilikuwa ndani ya mkoba wa Ettore," akasema. "Alikihifadhi maisha yake yote, tumekiazima pia. Tumeandika: hirizi ya mfungwa."

Nikachungulia. Nikainama karibu zaidi. Kitambaa kilikuwa kimefifia, lakini mie mtu wa pwani, pindo la kanga nalijua hata likifukiwa. Limefungwa fundo. Kinyume.

Nikaingiza mkono kwenye ule mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba wa mama, nikatoa kifurushi chetu, nikakiweka kando ya kijisanduku. Nikalifungua fundo vile Furaha alivyonionyesha. Komwe zikaviringika mezani. Lucia akainua kijisanduku, akakitikisa polepole. Zikagongana ndani ya kitambaa kile cha zamani, mlio ule ule.

"Si hirizi," nikasema. "Kwetu chombo hakiendi kwa mtu kitupu. Unaweka mchele, sukari, chochote. Bibi yangu alimpa mkoba, akatia hizi. Na juzi mama yangu, bila kuniambia, katia hizi, kwa sababu mkoba unakuja kwenu."

Lucia akamfasiria Signora Fiamma. Yule bibi akakaa. Akasema, na Lucia ananigeuzia, kwamba baba yake hakuruhusu mtu alifungue fundo lile. Alikuwa akiwaambia mkoba ule ulitolewa na mwanamke, na haukutolewa mtupu. Lakini kaka zake Ettore walisema mfungwa mpweke anauza zaidi kuliko mwanamke wa shamba la mkonge, na wao ndio walioandika matangazo.

Bwana wa nembo akatoka kupiga simu. Tukangoja, na Ijumaa inakwenda. Akarudi, uso umelainika kidogo: wakubwa wamekubali waandike "kwa msaada wa mafundi wa kienyeji".

Hee! Hapo mdomo wangu mnaujua.

"Wa kienyeji hawana mama? Hawana majina? Ettore mmemwandika mpaka jina la farasi wa baba yake, bibi yangu ndiye awe wa kienyeji?"

Lucia hakujua afasiri vipi, lakini Signora Fiamma hakungoja tafsiri. Akauchukua mkoba wa baba yake mezani, akauvaa begani, akainuka na fimbo yake. "Basi," akasema, "andikeni historia yenu bila mkoba." Akaanza kutembea kwenda mlangoni, taratibu, kama bibi yeyote wa Tanga aliyeudhiwa harusini.

Bwana wa nembo akapiga simu tena. Safari hii haikuchukua muda. Akautoa mkoba wetu kwenye plastiki mwenyewe, na Lucia akaandika mbele yangu, nikiwa nimemsimamia: ususi huu ni wa Mwanaidi binti Omari, msusi, wa Tanga, aliyemfundisha Ettore. Akatuma kuchapwa. Nikapiga picha kompyuta yenyewe.

Wakati wa kuagana Signora Fiamma akachukua komwe za mama, akazitia kwenye mkoba wa baba yake. Kisha akafungua kijisanduku. Lucia akataka kusema neno, yule bibi akamwangalia tu, maana kitu ni chake. Akakiweka kifurushi cha zamani, fundo lake halijaguswa, ndani ya mkoba wetu. "Na huu pia," akaniambia kwa Kiingereza chake kidogo, "usirudi mtupu."

Rågsved

Njia ya kurudi ilinyooka yote, kama vile ilikuwa inanicheka. Nilipofungua mlango mama alikuwa sebuleni, kavaa vizuri, Salma kamsuka.

"Karibu mgeni," akaniambia.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamweleza yote: nimefika, nimewaona, jina limeandikwa, mama yako ana jina kule. Nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa adabu, akamtazama Salma, akanitazama mimi.

"Hongereni," akasema.

Nikaenda jikoni nikafungua bomba ili wasinisikie. Nilikuwa nimechelewa. Kitu kile nilichokiogopa tangu siku ya kwanza ndicho hiki, na hakuna wa kumlaumu, hata ile reli. Salma akaja, akaniwekea kichwa begani.

Halafu akaniita kwa kuninong'oneza. "Mama. Titta."

Nikachungulia. Mama kaupakata mkoba. Akatia mkono ndani, kama mtu anayeangalia jirani kamrudishia nini. Akakitoa kile kifurushi. Hakukitazama. Vidole vyake vikaliendea fundo, vikasukuma huku, vikavuta kule, na fundo ambalo Ettore alilikatalia watu maisha yake yote likafunguka mara moja. Komwe zikamwagika mapajani. Akakinusa kitambaa kwa muda mrefu.

"Siku ile hakukuwa na mchele," akasema. "Mama akaona haya kumpa mgeni mkoba mtupu. Akaniambia, Mwajuma, lete komwe zako. Nikalia! Zilikuwa zangu. Akaniambia nyamaza, mtu mwema atakurudishia."

Akaziokota moja moja mapajani, akazitia kwenye kiganja. Kisha akainua uso, akaniona nimesimama mlangoni na macho yangu mekundu.

"Zaina, unalilia nini na wewe? Kazirudisha. Lete bao."